Swali la mzee mmoja dukani Mbuyuni

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na mteja wa dawa za nguvu za kiume ninamtambua kabla hajafungua kinywa: husubiri wenzake waondoke, hununua panadoli asiyoihitaji, kisha huinamia kaunta. Mwezi uliopita mzee mmoja wa miaka kama 60 aliinama hivyo hivyo, ila hakuulizia dawa. Aliniuliza, "Binti yangu, hili la kupungukiwa nguvu za kiume ni langu peke yangu, au tuko wengi?" Nilimjibu kwamba mko wengi, baba. Sikumdanganya, lakini jibu lilikuwa fupi mno.

Hesabu inayonukuliwa kuliko zote ilichapishwa Marekani mwaka 1999, ikitokana na watu wa miaka 18 hadi 59 waliohojiwa mwaka 1992: asilimia 43 ya wanawake na asilimia 31 ya wanaume walionekana kuwa na tatizo fulani katika tendo la ndoa. Wanawake wanaongoza, ilhali matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme mjini kwetu humwita mwanaume tu. Mwanamke asiye na hamu, anayeumia wakati wa tendo au asiyefika kileleni sijawahi kumwona akibandikiwa lake (na pengine ni heri yake). Hata hivyo, waliohojiwa waliulizwa kama shida ilidumu miezi kadhaa katika mwaka uliopita, hawakuulizwa kama iliwakera, kwa hiyo mama mwenye mtoto mchanga aliyekosa hamu kwa uchovu tu angeweza kuhesabiwa mgonjwa. Mwaka 2008 watafiti waliowauliza wanawake zaidi ya 31,000 wa huko huko Marekani waliongeza swali hilo, na ingawa wenye tatizo walikuwa tena asilimia 43, waliokuwa na tatizo lenye kuwasumbua moyoni walikuwa asilimia 12 tu. Mimi hesabu ninayoiamini ni hiyo ndogo.

Kwa wanaume umri una neno lake. Katika utafiti wa jimbo la Massachusetts, huko huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na upungufu wa kiwango fulani, lakini waliokuwa wameishiwa kabisa walikuwa kama asilimia 10. Kisukari, presha na sigara huharibu mishipa ya damu, na kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kuziba kwake kunaweza kujionyesha chumbani miaka kadhaa kabla ya kifua kuanza kuuma.

Kwa mzee wangu kifua kilikuwa kimekwisha kuanza. Nilipomuuliza anatumia dawa gani, alitoa mfukoni vidonge vya kuweka chini ya ulimi, na pamoja navyo vinne vya sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, alivyouziwa na kijana wa bodaboda, bado havijaguswa. Nilimweleza kwamba dawa hizo mbili zikikutana mwilini hushusha presha ghafla, hata mtu akafa, na kwamba daktari anayemtibu moyo ndiye wa kuulizwa kuhusu hili lingine. Aliviacha vile vinne juu ya kaunta, akachukua panadoli yake, akafika mlangoni, akarudi kuniuliza kama huko kliniki daktari ni mwanaume au mwanamke.