Mlanzi wa baba na zabibu za Makutupora

Mwezi uliopita mteja alisimama mbele ya rafu yangu hapa Iringa mjini, akashika chupa ya mvinyo mweupe wa Dodoma na kuniuliza umetokana na zabibu gani. Nikamwambia Chenin Blanc. Akauliza kama ni ya mavuno ya masika au ya kiangazi. Nikamweleza, akaridhika, akalipa. Wakati anatoka akaliona dumu la njano pembeni ya meza, ambalo baba alilileta asubuhi ile kutoka Kilolo.

"Na hiyo?"

"Ulanzi."

"Aa, hiyo ni pombe tu," akasema, akaenda zake.

Hiyo "tu" imenikaa moyoni wiki nne sasa. Ninauza mvinyo wa Dodoma mwaka wa tisa huu, na ninaupenda kweli. Lakini mimi ni mtoto wa mgema. Ada yangu ya sekondari ilidondoka tone kwa tone kwenye mlanzi, mwanzi unaogemwa ulanzi. Mtu akiuliza zabibu gani, msimu gani, shamba la nani, halafu asione sababu ya kuuliza hayo hayo kuhusu ulanzi, naumia.

Nianze na Dodoma, maana huko ndiko nilikojifunza kuuliza maswali.

Kwa gari kutoka hapa unateremka Nyang'oro, unapita Migoli, unavuka bwawa la Mtera, na kadiri unavyokwenda joto linazidi mpaka sweta la Iringa unalivua na kulikalia. Mizabibu utaanza kuiona ukikaribia Dodoma, imepandwa kwa mistari, imeshikwa na nguzo na waya. Wamisionari Wakatoliki ndio walioipanda Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950, wakitaka divai ya misa. Leo zabibu nyingi utakazokuta ni ile nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu. Nyeupe inayojulikana zaidi ni Chenin Blanc. Upande wa Hombolo walileta pia mbegu za Kitaliano: Aglianico, Teroldego, Marzemino.

Hombolo nina mama mmoja, Mgogo, mwenye ekari mbili, ambaye tumezoeana sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuna kokwa. Alichuma zabibu moja, akaifinya, nyama akala, kokwa akaniwekea kiganjani. "Tafuna." Ilikuwa na rangi ya kahawia, ikavunjika kama karanga iliyokaangwa. Akachuma nyingine kutoka mstari wa pili: kokwa ya kijani, laini, chungu. Nje zabibu zote mbili zilikuwa na wekundu uleule. "Wanunuzi wanaangalia ganda," akasema. "Mimi naangalia kokwa."

Akageuza jani na kunionyesha unga mweupe kama wa muhogo. Ule ni ugonjwa wa ubwiri unga, na dawa yake ni salfa. Masika ubwiri ni mwingi, na zabibu hunywa maji mengi zikakosa sukari. Mavuno ya kiangazi, Agosti na Septemba, ndiyo matamu. Kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe, mwaka unazaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogoa leo, baada ya miezi minne hivi anavuna. Kwa hiyo anavuna mara mbili kwa mwaka, na mara mbili anahangaika na soko. Msimu mmoja nilimkuta amekaa chini ya mti, makreti yamejaa, mnunuzi aliyeahidi kuja hajaonekana siku ya tatu. Zabibu za chini zilishaanza kuvuja. Ilibidi akamue mwenyewe, auze mchuzi wa zabibu kwa bei ya kutupa.

Sasa twende Kilolo.

Mvua zikishika Desemba, machipukizi ya mlanzi yanachomoza kwenye shina. Mlanzi si kila mwanzi. Ile mianzi minene ya njano watu wanayopanda uani haitoi kitu. Baba husubiri chipukizi lifike usawa wa kiuno au kifua, anakata ncha, halafu kila asubuhi na kila jioni analipunguza kidogo kwa kisu. Jumamosi iliyopita nililala nyumbani ili nimfuate. Saa kumi na mbili kasoro, ukungu bado umelalia bonde, alikuwa keshanitangulia.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Umevaa viatu vya mjini, angalia utelezi."

Baba huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Kisu chake ni kifupi, kimenolewa mpaka kimebaki chembamba. Alichokikata kwenye chipukizi kilikuwa kipande chembamba kiasi kwamba nilipokiinua niliona kidole changu kwa upande wa pili. Nilimuuliza kwa nini asikate zaidi. Akasema ukikata pakubwa chipukizi linaisha kabla ya siku zake, ukikata padogo mno kidonda kinafunga na maji yanakata. Nilisubiri. Tone la kwanza lilijikusanya polepole kwenye kidonda, jeupe kama maji yaliyooshea mchele, likaning'inia, likaanguka ndani ya mbeta. Mbeta ni kipande cha mwanzi uleule, kinafungwa ili chipukizi lichungulie ndani yake. Hawasugui mbeta kwa sabuni. Anaimwaga, anaisuuza, anairudisha, kwa sababu chachu inayoumua ulanzi inaishi humo humo.

Kila chipukizi lililogemwa halitakuwa mti. Kwa hiyo kwenye kila shina baba anaacha machipukizi kadhaa bila kuyagusa, yakue, yalishe shina kwa mwaka ujao. Jirani mmoja aligema yote kwa miaka miwili mfululizo, na shamba lake sasa ni nyasi.

Maji ya asubuhi ukiyanywa pale pale ni mtogwa, matamu, hata mtoto anapewa. Ikifika jioni yanaanza kuuma ulimi. Kesho yake ni mkangafu, na hapo ndipo vilabu vinapojaa. Keshokutwa unaelekea kwenye uchachu. Basi. Mwenye zabibu, ikishakuwa mvinyo, anaweza kungoja mwaka. Baba ana siku mbili.

Hilo nililijua tangu utoto, na bado nilikosea. Miaka mitatu iliyopita nilitaka yule mama wa Hombolo aonje ulanzi. Nikajaza dumu la lita tano, nikakaza mfuniko kwa nguvu zangu zote kwa kuogopa lisimwagike ndani ya basi. Ulanzi unaoumuka hutoa hewa, na joto huuharakisha. Tulipofika Mtera dumu lilikuwa limevimba kama tumbo la ng'ombe, na kabla sijaamka kulifungua likapasuka. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na mfuko wa vitenge vipya, anakwenda harusini. Vyote vililowa. Nilimwomba radhi mpaka Dodoma, nikamlipa nilichokuwa nacho, lakini sura yake ninaiona mpaka leo.

Safari iliyofuata baba alinifungia mwenyewe. Mfuniko aliuweka bila kuukaza, mdomo wa dumu akaupachika nyasi. Nilifika na mkangafu. Mama wa Hombolo akanusa kwanza, kama anavyofanya kwa mvinyo, akanywa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mmeweka sukari kiasi gani?" Nikamwambia hakuna. Akaomba kikombe kingine.

Jumamosi hiyo nami nilimpelekea baba chupa ya Makutupora. Alikunywa kidogo kidogo, akiwa ameketi kwenye kigoda.

"Nani amegema hii?"

"Haigemwi, baba. Zabibu zinapondwa, zinaachwa zichachuke pamoja na maganda yake. Wekundu unatoka kwenye ganda. Nyeupe inakamuliwa, ganda linatupwa mapema."

"Ina muda gani?"

"Miaka miwili."

Akaiinua glasi kwenye mwanga wa mlango. "Hii imepumzika," akasema. Akanirudishia glasi, akachukua kisu, maana jua lilikuwa linashuka na machipukizi yalikuwa yanamngoja.

Jumatatu nilikata kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene na kukiweka juu ya dumu: "Ulanzi wa Kilolo. Mgema: Baba. Umegemwa leo alfajiri." Chupa za Dodoma zimeandikwa aina ya zabibu na mwaka. Mimi naandika siku na saa. Jioni nafuta, asubuhi naandika upya. Juzi watu wawili walisimama wakasoma. Mmoja aliuliza mtogwa na mkangafu vinatofautianaje, nikammiminia vyote viwili, cha leo na cha jana, akanywa akiwa amesimama.

Leo gari la Kilolo limekwama kwenye tope, dumu halijafika. Nimeandika: "Bado uko njiani."