Kikuba cha mama

Juzi tulimpokea mama kutoka Umra, na safari hii sikutaka kabisa maua ya plastiki. Nikaenda kwa bibi mmoja anayefunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia, hapa kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Nikamwamkia, nikamwambia nataka zawadi ya mama. Akaniuliza, "Mamako apenda harufu gani, mwanangu?" Sijawahi kuulizwa hivyo dukani!

Akanichagulia asmini ambazo bado hazijachanua. Zikichumwa jioni, alisema, hufunguka usiku na hapo ndipo harufu hutoka. Akazifunga pamoja na rihani, vipande vya mkadi na waridi jekundu katikati. Huo mkadi jamani, ulinirudisha kwenye harusi za utotoni! Nikaongeza udi na chupa ndogo ya marashi, vyote akanipangia kwenye kikapu cha ukili alichokitandikia jani la mgomba.

Mama alikipeleka kikuba puani kabla hata hajanikumbatia. Leo asubuhi nimekikuta chini ya mto wake, kimenyauka, na chumba kizima bado kinanukia.