Siku moja thieta (chumba cha upasuaji): zamu ya kwanza ya muuguzi wa upasuaji

Saa 12:30 asubuhi
Kula ushibe: chai na chapati mbili, au viazi na yai. Ukishavaa gauni la steraili, lisilo na vijidudu, hutoki kutafuta kitafunwa, na njaa ikikutana na joto la taa kizunguzungu hakiko mbali. Kata kucha, futa rangi. Pete na saa ziache nyumbani.

Saa 1:15
Pangusa taa, meza na stendi kwa kitambaa chenye unyevu, kuanzia juu kushuka chini. Washa saksheni, mashine ya kufyonza damu, ziba mpira wake kwa kidole. Kama haivuti, ni heri ijulikane sasa kuliko damu ikishajaa tumboni.

Kisha kagua pakiti za vifaa. Mgeni hutazama tepi ya otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu), akiona mistari myeusi anaridhika. Tepi inakuambia kwamba pakiti imepita kwenye joto, basi. Ishike: ikiwa na unyevu, irudishe, kwa sababu maji hupitisha vijidudu kutoka nje ya kitambaa hadi ndani.

Saa 2:00
Mama wa upasuaji wa uzazi ameletwa. Msalimie, kisha muulize: "Mama, jina lako nani?" Usimtajie jina ukitaka aitikie, mwenye hofu huitikia lolote. Linganisha na faili, angalia fomu ya ridhaa, uliza kuhusu mzio. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa 2008, ina vituo vitatu: kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Isomwe kwa sauti. Kujaza visanduku baadaye ukiwa umekaa hakumlindi mtu.

Saa 2:20
Kuskrabu, yaani kuosha mikono kwa ajili ya upasuaji. Mara ya kwanza kwa siku, dakika 5. Anza na kucha, kisha kila kidole pande zote nne, kiganja, mgongo wa mkono, hadi juu ya kiwiko. Vidole viwe juu kuliko viwiko muda wote. Ukishusha mikono, maji ya kiwikoni yanarudi vidoleni na kazi yote imeharibika.

Saa 2:35
Hapa ndipo penye kazi yako hasa: hesabu. Wewe uliyeskrabu na mwenzako anayezunguka chumbani kuleta vifaa mnahesabu pamoja, kwa sauti, wote mkiona. Usihesabu kingo za furushi la gozi, vitambaa vya kufyonzea damu. Tenganisha gozi moja moja, maana mbili hushikana, na furushi la 5 linaweza kuwa na 4. Likipungua au kuzidi, litolewe lote chumbani kabla ya kisu. Hesabu sindano, visu na vifaa pia, mwenzako aandike ubaoni papo hapo.

Saa 2:50
Mama ameshachomwa ganzi ya mgongo. Meza inalazwa kidogo kushoto ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu na presha ikashuka. Kisu mpe daktari ndani ya bakuli, si mkono kwa mkono. Vifaa vingine viguse kiganja chake kwa uthabiti, mpini kwanza, asilazimike kuinua macho.

Saa 3:10
Mtoto ametoka, sasa mji wa mimba unashonwa. Hesabu kabla haujafungwa, tena kabla tumbo halijafungwa, tena kwenye ngozi. Gozi iliyolowa damu hujikunja ikawa ndogo kama ndimu, rangi moja na nyama iliyo kando yake. Jicho pekee haliioni.

Ikipungua moja, sema mara moja: "Dokta, gozi haijatimia." Usingoje uwe na uhakika, usimwonee haya mkubwa wako. Daktari atafute tumboni, mwenzako atafute sakafuni, kwenye ndoo, ndani ya mashuka. Taka wala nguo chafu visitoke chumbani. Isipoonekana, ipigwe eksirei. Ndiyo maana gozi za tumboni huwa na uzi unaoonekana kwenye picha.

Saa 9:00
Kuosha vifaa. Fungua kila bawaba, sugua kwa brashi ndani ya maji ili matone yasikurukie, kausha, panga seti.

Kwenye daftari la makabidhiano andika mkasi usiokata, na uutoe kwenye seti leo. Ukiurudisha, wenzako wa usiku wataugundua tumbo likiwa wazi.