Mbuzi ya nazi ilivyookoa gemu letu la kutisha

Kaka mmoja anayejiita mtaalamu alituambia gemu la kutisha ni dude kubwa na damu nyingi, mengine yote mbwembwe. Tukamsikiliza, wajinga sisi. Tulikuwa wanne: mimi wa kubuni na kupanga kazi, mchoraji, dada wa sauti, na mtu wa kodi (anayeiandikia kompyuta maagizo, si wa TRA). Injini, yaani programu ya kuundia gemu, tulichukua Godot, ni ya bure na haikuiua laptopu yangu kikongwe.

Kisa chenyewe: mwanafunzi kasahaulika bwenini shule ikishafungwa. Ana kibatari, mafuta kidogo na njiti 7 za kiberiti. Aliyesoma bweni hahitaji maelezo zaidi.

Lile dude lilitula mwezi na nusu. Mchoraji alilipa meno, kucha, mpaka mate ya kudondoka. Siku ya kulijaribu nikamwita mpwa wangu wa miaka 14, nikazima taa, nikakaa pembeni kusubiri ukelele. Dude likachomoza nyuma ya vitanda vya deka. Mtoto akalitazama, akainamisha kichwa upande.

“Mjomba, mbona linatembea kama bata?”

Na kweli. Miguu ilikuwa inateleza sakafuni huku kiwiliwili kikiyumba. Akaanza kulizunguka makusudi, kulichokoza, halafu akaita wenzake waje waone bata wa mjomba. Mchoraji alininunia siku mbili.

Nikarudi kwenye magemu ya zamani, safari hii kwa jicho la fundi. Silent Hill ya 1999 imejaa ukungu kwa sababu PlayStation ya kwanza haikuweza kuchora mji mzima kwa mpigo, basi wakaufanya udhaifu huo ndio hofu. Resident Evil ya 1996 inakubania hata kuhifadhi mchezo: bila utepe wa wino wa taipureta, huhifadhi. Hapo ndipo njiti zetu 7 zilipopata kazi. Kila ukihifadhi, njiti moja imekwenda, na hizohizo ndizo za kuwashia kibatari. Watu wakaanza kutokwa jasho dude likiwa bado halijaonekana.

Basi tukalificha kabisa. Jumapili moja dada wa sauti alikuja kwetu, akamkuta mama anakuna nazi. Akamwomba asikune haraka, akaisogeza simu karibu na meno ya mbuzi, akarekodi kifuu kizima. Tukapunguza kasi kwa nusu, tukaongeza mwangwi wa korido. Khrrr… khrrr… kama kitu kinaguguna mfupa mlango wa tatu kutoka ulipo. Ukizima kibatari, kinanyamaza. Sasa ukae gizani ujiulize kimenyamaza kwa nini.

Kwenye kodi tuliiga ujanja wa gemu la Alien: Isolation la 2014. Akili moja inajua wakati wote mchezaji yuko wapi, lakini inanong'ona tu “yuko upande ule”. Akili ya pili, ya dude lenyewe, inatafuta kwa macho na masikio. Dude likipewa akili zote mbili, mchezaji anaona ameonewa, anazima.

Watu nao ni kazi. Nilibandika karatasi ya manila ukutani: ukileta wazo jipya, unafuta moja la zamani. Vyumba vilikuwa 20, vikabaki 6, na mchoraji akanuna tena. Vikao vya usiku msithubutu, wanasinzia na chipsi unalipa wewe. Pesa? Laki nane, labda tisa, bando sikuhesabu.

Mwezi uliopita mpwa alirudi. Dakika ya nne akavua hedifoni, akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi. Usiku dada yangu akanipigia anafoka, eti mtoto anataka kusindikizwa chooni. Sijawahi kusifiwa vile.

Mama naye kila siku anaulizia mbuzi yake. Namwambia bado iko kazini.