Ukipanga una raha yake, uliza maji

Bagamoyo, siku ya mwezi mpevu

Shuleni, kuitwa kipanga ni nusu sifa, nusu kejeli. Anayekesha na daftari hubatizwa profesa hata kidato cha nne hajafika, na wenzake humkumbuka wiki ya mtihani tu. Lakini nikiipima tabia hiyo, alama za mtihani siziweki mbele. Kipanga haoni haya kuhesabu kitu ambacho wengine wanakitazama tu, kwa hiyo hakuna mahali panapomchosha. Na hapa Bagamoyo cha kuhesabu kiko mlangoni: maji.

Kila mtu wa pwani anajua kujaa na kupwa, bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo). Kipanga anaongeza dakika. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Wastani huo huponza wengi: siku za bamvua uchelewaji hushuka hadi dakika 40 hivi, siku za maji mafu huvuka saa nzima. Halafu kuna mtego wa saa yenyewe. Jedwali la maji likiandika 10:00 asubuhi, kwetu ni saa 4. Na kama jedwali linafuata saa ya Greenwich (GMT), ongeza saa 3 kwanza.

Hesabu tamu kuliko zote ni ya kumi na mbili. Chukua tofauti ya maji makavu na maji makuu, tuseme mita 3.6 siku ya bamvua, igawe kwa 12: kila fungu ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio, ila yanatosha kueleza kwa nini anayeokota chaza kwenye fungu la mchanga la mbali hudanganyika. Saa ya kwanza bahari inapanda sentimita 30, inaonekana mvivu. Saa ya tatu ni 90. Ufuo ukiinama mita 1 kwa kila mita 200, sentimita 90 hizo zinameza mita 180 za mchanga, yaani mita 3 kila dakika. Tena maji hayaji kwa mstari. Yanaanza kujaza mifereji iliyo nyuma yako.

Anayetaka kupima mwenyewe asichomeke mti mchangani tu. Mawimbi huchimba shimo mguuni pake, mti unazama, na daftari linaonyesha bahari inapanda mwaka mzima! Bora bomba la plastiki la inchi 2 lifungwe kwenye nguzo iliyokwisha kukaa imara, liwe refu kupita maji makuu. Chini liwe limezibwa, kisha litobolewe tundu moja la milimita 5. Tundu likiwa kubwa, mawimbi huingia na boya hucheza ngoma. Likiwa dogo mno, maji ya ndani huchelewa nyuma ya maji ya nje. Boya ni kipande cha kandambili kuukuu kilichochongwa kiteleze bombani bila kukwama, kimechomekwa ufito mwembamba wenye alama kila sentimita 10. Soma kila nusu saa, andika na upepo unakotoka, maana upepo mkali wa kuelekea nchi kavu huyainua maji kupita hesabu.

Mzee wa ngalawa hahitaji bomba. Anautazama mwezi, anakanyaga mchanga, anakwambia. Kipanga mwenye akili hamkosoi, anamuuliza, "Shikamoo mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?" kisha analinganisha jibu na daftari. Wakitofautiana, kwanza likaguliwe bomba. Daftari pia litamthibitishia jambo ambalo mzee amelijua siku zote: bamvua kubwa kwa kawaida haiji usiku wa mwezi mpevu wenyewe, inafuata siku moja au mbili baadaye.

Leo maji yamejaa saa 10 jioni. Kesho yatakuwa makavu kama saa 4 na nusu asubuhi, wakati wa kuchokonoa tundu la bomba kwa msumari, kwani matope na viumbe vidogo vya baharini hulifunga taratibu na boya huanza kusinzia. Maji makuu yatarudi kama saa 10 na dakika 40.