Namna Nilivyofundisha Kitenzi "Stop" Katika Darasa la Jioni

Katika darasa la Kiingereza la watu wazima ninalofundisha jioni upande wa Eastlands, Nairobi, hakuna kitenzi ambacho wanafunzi hukiamini kama "stop". Wamekiona kwenye alama nyekundu ya barabarani yenye pembe nane, wamekisikia midomoni mwa makanga, yaani makondakta wa matatu, na wamekituma kwa simu ili wajiondoe kwenye jumbe za matangazo zinazokula salio. Kwao maana yake ni kusimama, na mjadala umefungwa. Uhakika huo ndio uliokuwa kazi yangu, kwa sababu mtu asiyelijua neno huuliza, ilhali anayeamini kuwa analijua huandika "the baby stopped" akitaka kusema kwamba mtoto amenyamaza, na msomaji akabaki akijiuliza mtoto huyo alikuwa akielekea wapi.

Sikuanza na kamusi. Kamusi huorodhesha maana moja baada ya nyingine kana kwamba zote zina uzito sawa, na mwanafunzi aliyetoka kazini amechoka huchukua ile ya kwanza. Nilianza na Kiswahili chao wenyewe. Niliandika ubaoni sentensi ambazo kila mmoja wao huzisema bila kufikiri: saa imesimama, injini imezima, mvua imeanuka, damu imeacha kutoka, mtoto amenyamaza, shimo limezibwa, hundi imezuiwa isilipwe, koma kunifuata. Kisha nikawaomba wajaribu kuviondoa vitenzi hivyo na kuweka "simama" mahali pake. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka mingi alikataa mara moja. "Mwalimu," akasema, "injini yaweza kuzima na gari bado linateremka mlima." Sikuwa na mfano bora kuliko huo, nami nimekuwa nikiutumia tangu siku hiyo.

Nilipowaambia kwamba Mwingereza angeweza kutumia "stop" katika sentensi hizo zote, wengi waliona kuwa lugha yake ni maskini. Mimi sikubaliani nao. Kiswahili huipakia maana ndani ya kitenzi chenyewe, hata ukisikia "imeanuka" peke yake unajua kwamba ni mvua inayozungumzwa. Kiingereza hukiacha kitenzi kikiwa chepesi na kuubebesha mzigo majirani zake, yaani kile kinachotangulia na kile kinachofuata. Kwa hiyo swali nililowafundisha kujiuliza halikuwa "stop maana yake nini?" bali "ni nini kinachokoma hapa, na baada ya kitenzi pana nini?" Ndiyo maana "the baby stopped" haitoshi, na "the baby stopped crying" inatosha kabisa.

Jirani wa kwanza ni mtenda. Kiswahili kina kiambishi kinachotuonyesha kama kitu kimekoma chenyewe au kimekomeshwa: simama na simamisha, koma na komesha, sita na sitisha. "Stop" haibadiliki umbo. Jambo hili lilimgusa hasa soja, yaani mlinzi, mmoja wa darasa letu, ambaye kila usiku hulazimika kuandika kwa Kiingereza katika kitabu cha matukio kilichoko langoni. Alileta mbele yetu sentensi mbili na kuuliza zinatofautianaje: "The generator stopped at two" na "The generator was stopped at two". Ya kwanza inasema kwamba jenereta ilizima yenyewe, labda kwa kuishiwa mafuta. Ya pili inasema kwamba kuna mtu aliyeizima. Kwa mtu atakayeitwa asubuhi kueleza kwa nini jengo lilikaa gizani, tofauti hiyo ya neno moja fupi si ya kisarufi tu.

Jirani wa pili, anayeleta shida kuliko wote, ni kitenzi kinachofuata. "He stopped smoking" na "he stopped to smoke" zinakaribia kufanana kwa sauti, lakini maana zake zinapingana: wa kwanza ameachana na sigara, wa pili amesimamisha shughuli yake ili avute. Kanuni niliyoandika ubaoni ilikuwa fupi. Kitenzi chenye "-ing" ndicho kinachokoma. Kitenzi chenye "to" ndicho kinachoanza, na kilichokoma ni kitu kingine ambacho huenda hakikutajwa. Wote waliinakili, na wiki iliyofuata wote walikuwa wameisahau, kama ilivyo kawaida ya kanuni.

Kilichosaidia ni miguu. Nilimwomba kijana mmoja ambaye ni makanga atembee kutoka mlangoni hadi dirishani huku akihesabu sarafu mkononi, jambo analolifanya kutwa nzima ndani ya matatu. Niliposema "stop counting", alitakiwa kuacha kuhesabu, lakini miguu iendelee. Kisha nikamtaka aanze upya bila kuhesabu, na niliposema "stop to count", alitakiwa kusimama na kuanza kuhesabu. Mara ya kwanza alisimama palepale kwa agizo la kwanza, akiwa ameshika noti kati ya vidole kwa urefu kama makanga wanavyofanya, na darasa zima likampigia kelele: "Endelea kutembea, ni pesa tu unaziacha!" Baada ya hapo kila mtu alitaka zamu yake. Mama mmoja muuza mboga alitembea akimenya ndizi ya kuwaziwa. Mzee wa lori akaendesha gari lisiloonekana na "kusimama ili apige simu", akasisitiza kwamba huo ndio utaratibu halali. Sasa mtu akikosea katika maandishi, ninamuuliza tu miguu iko wapi.

Kwa wale waliotaka kuielewa tofauti hiyo kwa Kiswahili, niliwaonyesha kwamba tunayo njia yetu iliyo wazi: "aliacha kuvuta" dhidi ya "alisimama ili avute". Anayetafsiri "to" kwa "ku-" peke yake ndiye anayejikwaa, kwa sababu "alisimama kuvuta" inasikika nusu nusu, na akichagua "aliacha kuvuta" atakuwa amesema kinyume cha alichokusudia.

Kuhusu kumzuia mtu sikukaa sana. "Stop him from going" ni "mzuie asiende", na Waingereza mara nyingi huiangusha ile "from" na kusema "stop him going" bila maana kubadilika. Niliwaomba waitambue wanapoisikia, lakini wao waandike ile ndefu.

Mwanafunzi aliyelelewa Lamu ndiye aliyenifanya nieleze asili ya neno, kwa sababu aliuliza ni vipi kuziba shimo na kusimamisha gari viitwe jina moja. Jibu ni kwamba kuziba ndiko kulikotangulia. Neno hili linafuatiliwa hadi Kilatini cha baadaye, katika kitenzi kilichomaanisha kuziba kwa nyuzi za kitani au katani, ambazo kwa Kilatini ziliitwa "stuppa". Maana ya kuzuia mwendo ilikuja baadaye, kwa sababu kilichozibwa hakipiti tena. Sikuhitaji kuendelea, mwenzetu akawaeleza wengine jinsi mafundi wa majahazi wanavyopigilia nyuzi za pamba katika mianya ya mbao, kazi iitwayo kukalafati, na ghafla "stopper", kizibo cha chupa, na "stop up a hole" vikaacha kuonekana kama vighairi. Hata wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, wanaiendeleza maana hiyo ya kale: sauti kama p, t na k huitwa kwa Kiingereza "stops", kwa kuwa pumzi huzibwa kabisa kabla ya kuachiliwa. Wanaisimu wetu huziita vipasuo, wakiwa wametazama ule mwachio badala ya kule kuziba. Ninakiri kwamba hapo nilijisahau na kuzungumza muda mrefu kuliko darasa lilivyohitaji.

Tukabaki na jamaa za "stop". "Cease" imetoka Kilatini kupitia Kifaransa, nayo huvaa nguo rasmi: hupatikana katika barua za mawakili na katika habari za kusitisha mapigano. Jambo la kuangaliwa ni kwamba "cease" hukubali "to" bila kugeuza maana. "It ceased to exist" ni sawa kabisa na kusema kwamba kitu hicho hakipo tena, kwa hiyo kipimo cha miguu hakifanyi kazi hapo. "Halt" ina asili ya Kijerumani na harufu ya kijeshi, na alama za barabarani za Uingereza ziliitumia hadi miaka ya 1960. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani uliiweka "STOP" katika alama yenye pembe nane, huku ukiruhusu nchi kuandika neno la lugha yake, lakini mgeni huiona "STOP" hata Ufaransa.

"Quit" niliiweka karibu na "acha kazi", kwa sababu hapo ndipo Kiswahili chenyewe kina mtego. Ukisema "ameacha kazi", kila mtu anaelewa kwamba amejiuzulu, hata kama ulitaka kusema kuwa amemaliza zamu. Mwenye kuandika "he stopped working at six" yuko salama, lakini anayetafsiri sentensi hiyo kwa "aliacha kazi saa kumi na mbili" amemfukuzisha mwenzake bila barua. Niliwapendekezea "alimaliza kazi".

Matumizi mengine tuliyapitia kwa haraka: "stop by" ni kupitia kwa mtu, "stop over" ni kukatiza safari ndefu na kutua mahali kwa muda, na "bus stop" ni steji. Herufi p hurudufiwa katika "stopped" na "stopping". Swali la mwisho lilitoka kwa dada anayefanya kazi za nyumbani kwa bibi Mwingereza, ambaye huwa akimwambia "I'm stopping with my sister tonight". Alitaka kujua ni nini kinachokoma kwa huyo dada wa bibi. Hakuna kinachokoma. Katika mazungumzo ya Waingereza "stop" yaweza kumaanisha kukaa au kulala mahali, na nilimshauri aielewe akiisikia, lakini yeye aseme "stay".