Moto wa Attukal

Mwezi Machi 2009 nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Thiruvananthapuram, kusini mwa India, nikiwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane tuliyemwita Amma. Siku ya Pongala, ibada ya Wahindu ya kumpikia mungu wa kike wa hekalu la Attukal mjini humo, aliniomba nimsindikize, kwa sababu magoti yalikuwa yakimsumbua, na mimi nikakubali huku nikiwa na wasiwasi moyoni, kwani ni Mwislamu wa Pangani na sikujua mahali pangu pangekuwa wapi katika ibada ya watu wengine.

Hekalu la Attukal ni la mungu wa kike ambaye waumini wengi humtambua kuwa ndiye Kannagi, mwanamke ambaye mumewe aliuawa kwa amri ya mfalme wa Madurai kwa kusingiziwa wizi, naye kwa uchungu akauteketeza mji ule. Sherehe yake huchukua siku kumi, na siku ya tisa wanawake peke yao humpikia wali mtamu wa nazi na sukari guru. Mwaka ule walihesabiwa 2,500,000, idadi iliyoingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness, lakini mimi niliona uchochoro mmoja tu: vyungu vya udongo juu ya matofali matatu matatu, vimepangwa hadi upeo wa macho, na kando ya kila chungu kifungu cha makuti makavu na makarara, kuni zile zile za kwa bibi yangu.

Hakuna aliyewasha kiberiti. Hekaluni waimbaji walikuwa wakisimulia kisa cha Kannagi, na walipofika mahali mfalme anapouawa, ngoma zikarindima na kuhani akatoa moto ndani ya hekalu kuwasha jiko kuu. Kutoka hapo moto ulisafiri kwa mikono, jiko hadi jiko, nasi tukauona moshi ukitujia kabla ya moto wenyewe. Jirani yetu alipogeuka na karara linalowaka, Amma alijaribu kuinama akashindwa. Nikalipokea mimi. Niliwasha makuti yake, nikapuliza mpaka yakashika, na kabla sijanyanyuka mwanamke wa nyuma yangu, nisiyemjua wala asiyenijua, alikuwa tayari ameninyooshea karara lake. Nikampa moto, naye akageuka kumpa wa nyuma yake.

Jina Pongala lina maana ya kuchemka hadi kufurika, kwa hiyo macho yote huwa kwenye mdomo wa chungu. Cha Amma kilipofurika, povu jeupe likiteremka na kuzima kaa la mbele, alifumba macho akaunganisha viganja, na machozi yakamtoka. Sikumuuliza aliomba nini. Alasiri makuhani walipita wakivinyunyizia vyungu maji yaliyobarikiwa, ndipo wanawake wakavitwika kichwani na kurudi makwao.

Njia nzima niliwaza nitakataaje chakula kile bila kumvunja moyo. Jioni aliniita jikoni. Mbele yangu palikuwa na chungu kidogo, kipya, cha mchele uleule na sukari guru ileile, alichokipika hapo nyumbani bila kukipeleka hekaluni. “Hiki ni chako peke yako, mwanangu,” akasema, akanikunjulia jani la mgomba na kuanza kunipakulia.